Uliza mfumo utatunzwa mpaka lini kabla ya kuuliza upi ni mzuri

Watu wanaonunua kompyuta kwa ajili ya nyumbani huniuliza, "Kaka, nipige Windows gani?" Vijana wanaoanza kujifunza mambo ya seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, huuliza kama washike Ubuntu au Debian, mifumo ya bure ya familia ya Linux, mbadala wa Windows. Wote wanataka jina. Mimi naamini jina la mfumo endeshi, ile programu kuu inayoendesha kompyuta, linapaswa kuja mwisho, baada ya maswali mawili kujibiwa: mfumo huu utaletewa masasisho ya usalama mpaka tarehe gani, na siku ukigoma, nani aliye karibu ataurudisha?

Kwenye magari tunalijua hili vizuri. Mtu anayetafuta gari la mtumba lililotoka Japani anauliza spea zinapatikana wapi na mafundi wake wapo, na ndiyo maana barabara zetu zimejaa Toyota. Tukifika kwenye kompyuta tunaangalia ukubwa wa diski, tunabonyeza vitufe kuona kama kioo ni cha mguso, tunalipa na kuondoka. Hakuna anayeuliza mfumo uliomo ndani utatunzwa kwa muda gani.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, miaka kumi na ushee tangu itoke Julai 2015. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, na ndiyo sababu wengi hawakushtuka. Inawaka, inafungua Word, inacheza muziki. Kilichobadilika hakionekani kwa macho: tundu la usalama linalogunduliwa baada ya tarehe hiyo halizibwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Wanaotafuta matundu hayo kwa nia mbaya hawakuacha kazi siku ile.

Tatizo ni kwamba Windows 11 haipokei kila mashine. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka, karibu kote, kizazi cha nane kuendelea, yaani kompyuta zilizoanza kutengenezwa mwishoni mwa 2017. Sasa tazama laptopu za mtumba ambazo watu wengi wanamudu bei yake: HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T460, Dell Latitude E7470. Zote tatu ni za kizazi cha sita. Ni mashine imara zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, zinafunguka kirahisi kuongezewa RAM, na zikiwekewa SSD, diski ya kisasa yenye kasi, zinakimbia vizuri kabisa. Microsoft imeziacha nje, nami naona uamuzi huo umewaumiza zaidi watu wanaonunua kompyuta kwa kujinyima.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma jina la prosesa. Ukiona i5-6300U, ile 6 inayofuata baada ya kistari ndicho kizazi. Ukiona i5-8250U, hicho ni cha nane. Ukiona i5-1135G7, soma tarakimu mbili za mwanzo: kumi na moja. Muuzaji akikuambia "hii ni Core i5" akaishia hapo, bado hajakuambia kitu, kwa sababu jina hilo limekuwapo tangu 2009.

Mafundi wengi wanajua njia ya kuiruka ile hatua ya ukaguzi na kuipiga Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha sita. Inawezekana, na mara nyingi inafanya kazi. Kwa kompyuta ya mtu anayejitegemea na anayejua anachofanya, sawa. Kwa mama mwenye duka sikubaliani nayo. Microsoft yenyewe imesema haihakikishii mashine za namna hiyo masasisho, na zaidi ya hapo, kila toleo la Windows 11 kwa watumiaji wa kawaida hutunzwa miezi 24 tu. Toleo jipya likitoka, mashine isiyotimiza masharti hailipati lenyewe. Mama yule atamhitaji tena fundi yuleyule kwa ujanja uleule, na asipomwita, amerudi palepale alipokuwa na Windows 10.

Nikifika kwenye Windows za kukraki, yaani zinazotumika bila leseni kwa ujanja, nasema kwa ukali zaidi, kwa sababu nimeona madhara yake. Programu ya kukraki kwa kawaida inakuomba jambo moja kabla ya kuanza: zima antivirasi. Hebu fikiria unachokubali hapo. Halafu fundi anazima masasisho pia ili kraki isije ikaharibika, na mteja anaondoka na kompyuta isiyolindwa na kitu chochote huku akiamini imetengenezwa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu na taasisi katika nchi nyingi duniani, hospitali za Uingereza zikiwemo, kikidai malipo. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimeshatolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huohuo. Wengi wa walioumia ni wale ambao kiraka hakijawafikia.

Na mara nyingi kukraki kwenyewe hakuna haja. Laptopu nyingi zilizotoka kwenye makampuni zilinunuliwa pamoja na leseni ya Windows Pro, na ufunguo wa leseni hiyo umehifadhiwa ndani ya chipu ya ubao mkuu. Ukipakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft na kuweka toleo la aina ileile, mashine ikiunganishwa na intaneti inajitambua na kuwa halali bila kulipa hata shilingi. Fundi anayeanza kwa kujaribu njia hii anamheshimu mteja wake.

Basi kwa nyumbani ushauri wangu unafuata prosesa. Kizazi cha nane kwenda juu: weka Windows 11 halali, acha masasisho yaendelee, na ukiwa unatumia bando la simu iambie Windows kwamba intaneti yako ni ya kupimiwa ili isikulie MB bila habari. Kizazi cha saba kurudi nyuma: weka Linux Mint. Silisemi hili kwa ushabiki. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na inatunzwa hadi 2029, na RAM ya GB 4 inaitosha. Mpangilio wake, wenye menyu chini kushoto na saa chini kulia, haumpotezi mtu aliyezoea Windows. Mashine ya kizazi cha sita inayouzwa leo inaweza kumpeleka mtoto sekondari mpaka amalize akiwa na mfumo unaotunzwa.

Uzuri mwingine ni kwamba Mint unaijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Fanya hivyo, na usiishie kutazama mandhari yake. Unganisha Wi-Fi, washa kamera, cheza video usikie sauti, chomeka printa yako uchapishe ukurasa mmoja. Kama printa inagoma, bora ujue leo. Fungua pia nyaraka zako kwa LibreOffice. Barua na taarifa za kawaida zinafunguka vizuri, ila zenye majedwali mengi na mapambo zinaweza kuhama mpangilio. Mwanafunzi anayepeleka kazi kuchapisha steshenari azoee kuigeuza kuwa PDF kwanza, maana huko watafungua kwa Word.

Kama hesabu za duka lako ziko kwenye Tally, programu ya uhasibu, baki Windows. Kama unaishi kwa Photoshop, baki Windows au Mac. Wapenzi wa Linux wenzangu hupenda kubishana hapa, na nadhani wanakosea: mtu hawezi kuacha chombo kinachomlisha ili kumfurahisha fundi. Mtu huyo atafute mashine ya kizazi cha nane na kuendelea, kwisha.

Kuhusu Mac nitasema kidogo. Kwa desturi Apple huzipatia viraka vya usalama mifumo yake mitatu ya karibuni, na mwaka 2025 ilitangaza kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel. MacBook ya Intel ya mtumba ina kioo kizuri na umri mfupi. Chromebook nazo kila modeli ina tarehe yake ya mwisho wa masasisho, na Google imeiweka orodha hadharani. Itafute modeli yako humo kabla hujatoa pesa.

Seva ndiyo sehemu inayonigusa zaidi, kwa sababu seva hutunza kazi za watu wengi kwa pamoja: matokeo ya wanafunzi, mafaili ya ofisi, tovuti ya biashara. Hapa jibu langu la kwanza ni Debian, na sababu yake kubwa inaonekana katika yaliyoipata CentOS. Kwa miaka mingi CentOS ilikuwa chaguo la wenye seva waliotaka uimara wa Red Hat, Linux ya kibiashara, bila kulipia. CentOS 8 ilitoka Septemba 2019, watu wakapanga kuitumia hadi 2029. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba mwisho wake ni tarehe 31 Desemba 2021. Miaka zaidi ya saba ikafutwa kwa tangazo moja. Rocky Linux na AlmaLinux zilizaliwa kutokana na mtikisiko huo, na zote mbili ni kazi nzuri, lakini waliokuwa na seva zinazofanya kazi walilazimika kuhama kwa haraka ambayo hawakuipangia.

Debian haina kampuni inayoimiliki. Ian Murdock aliianzisha 1993, na mpaka leo inaendeshwa na watu wanaojitolea, kwa kanuni zilizoandikwa na uongozi unaopigiwa kura. Hakuna bodi ya wakurugenzi inayoweza kuamka asubuhi na kubadili mawazo. Debian 13 ilitoka Agosti 2025. Inatunzwa kikamilifu kwa miaka 3, kisha kikosi kingine kinaendelea nayo kwa viraka vya usalama mpaka 2030. Kama una kompyuta ya zamani sana ya biti 32, angalia kwanza, kwa sababu toleo hili halina tena kisakinishi cha mashine hizo.

Kuna vitu viwili vidogo vya Debian ambavyo kwetu vina thamani kubwa. Cha kwanza ni unattended-upgrades, programu inayoweka viraka vya usalama yenyewe bila mtu kuingia kwenye seva. Kwa shule au zahanati isiyo na mtaalamu wa kudumu, hiyo peke yake inatosha kunishawishi. Cha pili ni apt-cacher-ng: kompyuta moja inapakua sasisho mara moja, kisha mashine nyingine zote za mtandao ule wa ndani zinalichukua kwake. Maabara nzima ya shule inasasishwa kwa bando la mashine moja.

Hata hivyo lile swali la pili, la nani atakayeirudisha, linaweza kunihamisha. Kijana wa karibu anayejua Linux mara nyingi amejifunzia Ubuntu, ile iliyoanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kama huyo ndiye atakayepigiwa simu, mimi naweka Ubuntu bila kinyongo. Sharti ni moja: iwe toleo la LTS, yaani la kutunzwa muda mrefu, linalotoka Aprili ya kila mwaka wa pili na kutunzwa miaka 5. Matoleo ya katikati hutunzwa miezi 9 tu, na kuyaweka kwenye seva ni kujitafutia kazi. Kwa matumizi binafsi Ubuntu Pro hutolewa bure hadi mashine 5, na inaufikisha utunzaji wa LTS miaka 10.

FreeBSD, mfumo mwingine wa bure usio Linux, naiheshimu sana. Netflix inaitumia kwenye mashine zinazosambaza video zake duniani, na ZFS, mfumo wake wa kuhifadhi mafaili, ni hazina kwa mtu anayejali mafaili. Lakini katika mji ambao hakuna mwingine anayeijua, kuiweka kwenye seva ya ofisi ni kuifunga ofisi kwa mtu mmoja. Iweke kwako.

Windows Server ina nafasi yake pale ofisi ina kompyuta nyingi za Windows zinazosimamiwa kwa pamoja. Ila bei yake isomwe yote, maana juu ya leseni ya seva kuna leseni za wanaoiunganisha, kwa kila mtumiaji au kila kifaa. Na tarehe zake zisomwe pia. Windows Server 2012 R2 iliisha Oktoba 2023, na 2016 inaisha Januari 2027. Anayeendesha hiyo ya 2012 na bado ameiweka wazi kwenye intaneti aiondoe huko leo, hata kabla hajaamua ahamie wapi.

Mfumo wowote utakaochagua, umeme utakatika. Mifumo ya mafaili ya kisasa, kama ext4, huweka kumbukumbu ya kinachoandikwa ili kukatika kwa ghafla kusivuruge diski nzima, lakini hailindi faili lililokuwa likiandikwa dakika ileile, na haiwezi kitu diski yenyewe ikifa. Nunua UPS, betri ya akiba, hata ndogo, ya kuipa seva muda wa kujizima vizuri. Weka nakala za mafaili kwenye diski ya nje inayochomolewa, kisha jaribu kurudisha faili moja kutoka humo, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kujaribiwa hujui kama ni nakala. Na kwa wewe ambaye bado uko kwenye Windows 10: hamisha kwanza picha na nyaraka zako kwenye diski hiyo ya nje, hakikisha zinafunguka kwenye kompyuta nyingine, ndipo uisome namba ya prosesa na kumwita fundi.