Katazo la kuni mashuleni: jina la nishati limepimwa, moshi bado

Serikali ya Tanzania iliziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Tarehe za mwisho zilipangwa Januari 2024 na Januari 2025, kulingana na idadi ya walaji. Zote zimepita, na bado yako majiko ya shule yanayofuka moshi kuanzia alfajiri. Mkuu wa shule ya namna hiyo siku hizi husemwa kuwa mkaidi, au mtu asiyejali mapafu ya wapishi wake. Nadhani hatumtendei haki.

Upande wa Serikali hauhitaji wakili. Imekuwa ikitaja vifo vya Watanzania 33,000 kila mwaka vinavyotokana na moshi wa kupikia, na mkakati wake wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi. Shirika la Afya Duniani linashauri chembe zile ndogo kabisa za moshi, zinazopenya hadi ndani ya mapafu, zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa mwaka. Mpishi anayekoroga ugali wa wanafunzi 600 juu ya kuni mbichi hata hayumo kwenye mazungumzo ya mikrogramu 5. Misitu nayo haina msemaji, na lori la magogo linaloingia shuleni kila mwezi limetoka mahali fulani. Hayo hayabishaniwi.

Sasa kaa kwenye kiti cha mkuu wa shule. Kuni kwake ni zaidi ya nishati, ni namna ya kulipa. Mzazi ambaye hana hela ya mchango wa chakula analeta debe la mahindi, au mtoto anakuja na mzigo wa kuni kichwani, na daftari linaandikwa kuwa amechangia. Gesi haipokei mzigo. Inataka fedha taslimu, tena kabla sufuria halijabandikwa, na kabla ya hapo inataka mitungi ya kilo 38 au tangi, mabomba, vichomeo na fundi. Halafu kuna makande. Mahindi na maharage hukaa motoni kwa saa nyingi, na kila saa mita inahesabu. (Kuloweka maharage usiku kucha kungepunguza gharama kuliko semina kadhaa, lakini hilo haliandikwi kwenye maagizo.) Gesi ikikata Jumatano, hakuna jirani wa kuazimwa mtungi wa kulisha watu 600. Ndiyo maana hata shule zilizofunga gesi huweza kubakiza lundo la kuni nyuma ya jiko, eti la dharura. Dharura yenyewe hufika kila mwisho wa mwezi.

Ila hoja inayonisumbua zaidi si ya fedha. Agizo limekataza kuni na mkaa, halikuweka kipimo cha kinachotoka motoni. Matokeo yake, miongoni mwa vilivyosambazwa kwenye taasisi, yakiwemo magereza, ni mkaa mbadala wa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, unaotengenezwa kwa makaa ya mawe na kutangazwa kuwa rafiki wa mazingira. Kwa miti, kweli ni rafiki. Kwa mpishi, tuangalie.

Ulaya wana mwongozo wa kukadiria hewa chafu, wa EMEP (mpango wa Ulaya wa kufuatilia uchafuzi wa hewa) na Shirika la Mazingira la Ulaya, ambao huweka shule, hospitali, hoteli na ofisi kwenye kapu moja: majengo ya biashara na taasisi. Kwa kila gigajuli ya joto, gesi inakadiriwa kutoa chembe hizo ndogo chini ya gramu 1. Kuni, gramu 140 au zaidi. Makaa ya mawe, zaidi ya gramu 100. Ruka kutoka kuni kwenda gesi umepunguza zaidi ya mara mia, ruka kwenda makaa ya mawe umepunguza kidogo tu. Tena ukigeukia oksidi za salfa, kuni inatoa gramu kama 11, makaa ya mawe zaidi ya 800. Monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu, nayo inapanda, haishuki.

Takwimu hizo ni za matanuri ya kupashia majengo joto, yenye dohani, si za jiko la shule. Na mkaa uliosindikwa unaweza kuwaka vizuri kuliko makaa ghafi. Sawa. Basi upimwe jikoni, na matokeo yabandikwe ukutani, kabla hatujamwita anayeutumia mtiifu na mwenye kuni mkaidi.

Kwa sababu mwenye kuni naye angeweza kuulizwa mambo ya maana: kuni zimekauka? Jiko ni banifu au mafiga? Bomba la moshi linapita juu ya paa au linaishia darini? Jiko banifu halitaifikia gesi hata siku moja, na umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, hatimaye unapaswa kufika kwenye masufuria ya shule. Lakini kati ya leo na siku hiyo kuna mwanamke mwenye mwiko, na bomba la bati linaloutoa moshi nje lingemsaidia wiki hii.

Mkaguzi anayekuja sasa anafungua stoo na kuangalia kilichorundikwa. Akikuta kuni anaandika. Akikuta mkaa mbadala anaondoka, na mpishi anabaki kwenye chumba kile kile kisicho na bomba, safari hii pengine na monoksidi ya kaboni zaidi, ambayo haionekani wala hainuki.