Ramani ya kijana wa Kibokoni na deni la Madagaska

Kijana mmoja wa baraza letu la Kibokoni alituletea juzi ramani aliyoichora mwenyewe. Ni Ufaransa ya mwaka 1946, ila si ile tuijuayo. Paris kaigawa kanda nne kama Berlin, Corsica kaitenga, Savoy kampa Mtaliano (naye Mtaliano aliingia vitani upande wa Hitler, lakini tusimwandame kijana kwa hilo), na makoloni yote kayapaka wekundu wa Mwingereza. Hoja yake ni nyepesi: serikali ya Vichy, iliyotawala Ufaransa tangu iliposhindwa na Mjerumani mwaka 1940, ilikuwa kibaraka wa Hitler, basi lau washindi wangalikuwa waadilifu, wangaliiadhibu Ufaransa kama walivyoiadhibu Ujerumani. Badala yake ilipewa kanda yake ya kuikalia Ujerumani, na kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa.

Waliompinga walikuwa wengi, na hawakubabaisha. Taifa si mtu mmoja, walisema. Pétain, mkuu wa Vichy, alihukumiwa kifo Agosti 1945, adhabu ikageuzwa kifungo cha maisha. Laval, waziri mkuu wake, alipigwa risasi Oktoba mwaka huohuo. Waliokosa walishtakiwa kwa majina yao. Utambebeshaje mkulima wa Normandy dhambi ya mawaziri, na huku jirani yake alikuwa akilipua reli za Wajerumani usiku? Halafu kuna mkataba wa Versailles, ambako Ujerumani ilifedheheshwa mwaka 1919 na kinyongo kikazaa Hitler. Tena Wakomunisti wa Ufaransa walipata zaidi ya robo ya kura katika uchaguzi wa Oktoba 1945. Nchi iliyodhalilishwa ingeweza kumwangukia Stalin mikononi. Yote hayo nayakubali. Hata mimi, Paris ya kanda nne hainiingii akilini.

Ila katika kumcheka kijana, barazani walilicheka na lile la maana alilolibeba. Kila mtu alizungumzia huruma waliyotendewa Wafaransa. Hakuna aliyeuliza huruma hiyo ilitolewa mfukoni mwa nani.

Tuanzie hapa Kilindini, bandari yetu ya Mombasa. Aprili 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), manowari za Mwingereza zilirudi nyuma na bandari yetu ikawa kituo chao. Hofu kubwa ilikuwa Madagaska. Kisiwa kilikuwa chini ya gavana wa Vichy, na Mjapani akipata gati huko, njia ya meli za Uingereza baharini humu ingekuwa shingoni mwake. Tarehe 5 Mei Waingereza wakashuka Diego Suarez, bandari ya kaskazini mwa kisiwa. Kabla mwezi haujesha, nyambizi ndogo za Kijapani zikapenya bandarini humohumo na kuijeruhi manowari Ramillies. Hofu haikuwa ya kubuni. Septemba wakaongezwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza), vijana wa Afrika Mashariki, wakapanda nyanda za juu hadi Antananarivo, mji ukatwaliwa tarehe 23. Gavana akasalimu amri Novemba, baada ya miezi sita ya kupigana na watu waliokuja kumzuia adui wa Ufaransa yenyewe.

Kwa hiyo kisiwa kilitwaliwa kwa silaha kutoka kwa utawala kibaraka, na vijana wa huku walikuwamo. Mwanzo wa 1943 kikakabidhiwa watu wa de Gaulle, jenerali wa Kifaransa aliyekataa kusalimu amri kwa Hitler. Bendera ni ileile, na kazi ya shokoa, yaani ya kulazimishwa, ikaendelea, safari hii kwa jina la ukombozi. Mchele wa mkulima ukawa unakusanywa na ofisi ya serikali kwa bei ya serikali, naye akaununua tena kwa bei asiyoimudu. Vita vilipokwisha, Wamalagasi hawakukimbilia mikuki. Walichagua wabunge, Raseta na Ravoahangy, kisha Rabemananjara. Mwaka 1946 wale wawili wa kwanza wakaomba huko Paris kisiwa chao kiwe dola huru ndani ya Umoja wa Kifaransa, yaani Ufaransa na makoloni yake. Wakakataliwa. Usiku wa tarehe 29 Machi 1947 uasi ukalipuka.

Watu wangapi walikufa? Hapa ndipo ninapokwama kila nikilisoma jambo hili. Watawala wenyewe walitaja kwanza watu 89,000. Baadaye wakasema vifo walivyovithibitisha ni 11,342. Wako wanahistoria wanaokadiria katikati, elfu thelathini au arobaini, wengi wao kwa njaa na maradhi baada ya kukimbilia msituni. Itazame hiyo 11,342. Imehesabiwa mpaka wa mwisho, wawili, kana kwamba karani alipita kila kijiji na daftari. Mtu aliyefia chini ya mti kwa kuhara, wiki tatu mbali na kwao, nani alimwandika? Na wale wafungwa waliofungiwa ndani ya mabehewa huko Moramanga, Mei 1947, wakamiminiwa risasi humohumo, waliandikwa ni waasi au ni abiria? Wabunge watatu nao walishtakiwa. Wawili wakahukumiwa kifo, ingawa hawakunyongwa.

Wapo watakaosema hayo yangetokea tu, Ufaransa iadhibiwe isiadhibiwe. Basi itazameni Syria. Nayo ilikuwa chini ya Vichy, nayo Waingereza waliitwaa kwa vita, Juni na Julai 1941. Mei 1945 Wafaransa walipoipiga mizinga Damascus, Churchill aliamuru majeshi yake yaingilie kati, na Aprili 1946 askari wa mwisho wa Kifaransa akaondoka. Najua Syria haikuwa koloni. Ilikuwa amana ya Shirikisho la Mataifa, na Mwingereza alikuwa na maslahi yake kwa Waarabu. Hata hivyo inaonyesha kwamba Mfaransa alipobanwa alitoka, na Paris haikuangukia kwa Stalin kwa sababu ya Damascus.

Penye ramani ya kijana pananitatiza huo wekundu. Kumpa Mwingereza Madagaska ni kumtoa mtu kwa fisi ukamweka kwa chui. Mkenya hahitaji kuelezwa yaliyofuata hapa kwetu mwaka 1952, hali ya hatari na vita vya Mau Mau. Na hatuna haja ya kubuni, maana Italia ilinyang'anywa makoloni kweli, kwa mkataba wa Februari 1947. Eritrea iliunganishwa na Ethiopia 1952, ikamezwa 1962, ikapigana miaka thelathini. Libya ilinusurika kugawanywa kwa kukosekana kura moja tu Umoja wa Mataifa mwaka 1949, pale mjumbe wa Haiti alipokataa, na ikawa huru Desemba 1951. Somalia ilirudishwa kwa Mtaliano yuleyule! Adhabu, kama ipo, ilikuwa hiyo.

Mzee mmoja alinishika hapo. Somalia iliyotoka kwa Mtaliano, akasema, ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1960. Madagaska tarehe 26 Juni 1960. Siku tano. Aliyeadhibiwa na aliyesamehewa walifika pamoja, sasa wewe wagombea nini?

Nagombea karatasi, nikamwambia. Mtaliano alirudi Mogadishu mwaka 1950 na karatasi ya Umoja wa Mataifa inayosema miaka kumi, basi, na Msomali alikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yake juu ya mtawala. Mfaransa alirudi Antananarivo bila karatasi. Mwaka mmoja baadaye, kwenye mkutano wa Brazzaville wa 1944, watu wa de Gaulle waliandika kwamba kujitawala kwa makoloni hakufikiriki hata kwa siku za mbali, na hayo waliyaandika katika mji wa Kiafrika uliowapa makao wakati Paris ikiwa ya Wajerumani.

Nimemrudishia kijana ramani yake. Nimemwambia aiache Paris nzima, Savoy airudishe, na juu ya Madagaska asipake rangi yoyote, aandike mwaka tu. Bado hatujakubaliana mwaka gani. Yeye ataka 1943, mimi nasema 1953, nipe kumi kama za Msomali.