Sherehe za Matufaha za Normandie: Zinaokoa Miti au Zinauza Kumbukumbu?

Tangu mwishoni mwa Septemba hadi Novemba, vijiji vya Normandie, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, hupokezana kufanya sherehe za mavuno ya matufaha. Vimoutiers hufanya maonyesho yake Oktoba, na Beuvron-en-Auge, kijiji chenye wakazi wapatao 200 tu, huandaa soko la saida mwishoni mwa mwezi huohuo. Saida ni kileo chepesi kinachotokana na maji ya tufaha yaliyoachwa yachachuke, na ndicho kinachoziendesha sherehe nyingi za eneo hilo. Wageni hutoka Paris kwa magari Jumamosi asubuhi, hula, huonja, hununua, na Jumapili jioni hurudi na chupa kadhaa kwenye buti. Swali linalozungumzwa huko ni kama wikendi hizo zinasaidia kilimo cha matufaha, au zinakipamba tu wakati chenyewe kinadhoofika.

Wanaozilaumu wana hoja nzito. Katikati ya uwanja utamkuta farasi akizunguka na gurudumu linaloponda matufaha ndani ya hori la mawe la duara, huku wanaume waliovaa majoho ya kale ya kikulima wakipanga matufaha yaliyopondwa juu ya shinikizo la mbao. Ni kazi ya kweli, lakini sivyo saida inavyotengenezwa sasa. Chupa nyingi zinazouzwa katika maduka makubwa zimetoka viwandani, na matufaha yake yametoka katika mashamba ya miti mifupi iliyopandwa kwa mistari, ambako mashine hutikisa shina na nyingine hufagia matunda yaliyoanguka.

Kwa matufaha ya kula, umbali kati ya maonyesho na hali halisi ni mkubwa zaidi. Ufaransa huvuna takriban tani milioni 1.5 za matufaha hayo kwa mwaka, na miongoni mwa aina zinazoongoza ni Golden, iliyozaliwa West Virginia nchini Marekani, na Gala, iliyotoka New Zealand. Ni miongoni mwa mazao yanayopuliziwa viuatilifu mara nyingi zaidi nchini humo, kwa sababu ya ukungu unaotia ngozi ya tunda madoa meusi na funza wa nondo anayelitoboa hadi kwenye mbegu. Kule Limousin, eneo la matufaha lililo katikati ya nchi, wakazi na madaktari walilalamikia upuliziaji karibu na nyumba kwa miaka kadhaa, hata mwaka 2017 wakulima na wakazi wakatia saini mkataba wa ujirani mwema. Mambo ya namna hii hayapewi meza kwenye sherehe, na sioni ajabu, kwani mtu aliyefunga safari kwa ajili ya mkate wa matufaha hakuja kusikia habari za pampu ya dawa. Hata hivyo, ukimya huo unamfanya mgeni aamini kwamba tunda analonunua sokoni mwaka mzima limekulia chini ya mti mkongwe wenye ng'ombe pembeni.

Mti huo mkongwe ulikuwapo kwa wingi. Kilimo cha asili cha Normandie kilikuwa cha miti mirefu iliyopandwa kwa nafasi ndani ya malisho, ng'ombe wakila nyasi chini na mkulima akipata maziwa na matufaha katika eneo lilelile. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nchi ilikuwa na pombe nyingi kuliko soko lake, na serikali ikatoa ruzuku kwa waliokubali kung'oa miti ya saida. Kisha ukaja mpango wa kuunganisha vipande vidogo vya ardhi ili trekta lipite bila kikwazo, na mahindi ya kulisha mifugo yakachukua nafasi ya malisho. Mtu akijua historia hii, mabango ya leo ya halmashauri yanayousifu urithi wa tufaha humtia mashaka kidogo, maana urithi huo uling'olewa kwa fedha za umma.

Hata hivyo, naona walaumu wanatazama upande mmoja wa uwanja. Mara nyingi, mbali kidogo na farasi, huwapo meza ndefu iliyofunikwa karatasi, na juu yake visahani vya matufaha vyenye vibandiko vya majina. Nyuma yake huketi watu wa vyama vya kuhifadhi aina za zamani, kikiwamo Croqueurs de pommes, kilichoanzishwa mwaka 1978 huko Belfort, mashariki mwa nchi. Wenyeji huwaletea matufaha ndani ya mifuko, mara nyingi kutoka kwenye mti uliopandwa na babu ambaye hakuacha jina la mti huo. Mtaalamu huomba matunda kadhaa ya mti uleule, kwa kuwa moja peke yake linaweza kudanganya. Hutazama urefu wa kikonyo, hupapasa ngozi kama ina ukwaru, huchungulia shimo la upande wa chini lililoachwa na ua, kisha hulipasua tunda aone umbo la vyumba vya mbegu, na mwisho huonja. Wakati mwingine jina hupatikana. Wakati mwingine jibu huwa kwamba mti umeota wenyewe kutokana na mbegu na haujawahi kuwa na jina. Kwa vyovyote, mwenye mti huondoka akijua anacho nini, na iwapo aina hiyo ni adimu, vijiti vyake huchukuliwa mwishoni mwa baridi ili vibebeshwe kwenye miche mingine. Kazi hiyo ingekuwa ngumu bila umati wa wikendi, kwa sababu ndio unaoleta mifuko.

Kuna pia hoja ya bei. Mkulima anayeuza tani nzima kiwandani hupokea fedha kidogo, ilhali tani hiyohiyo inaweza kutoa zaidi ya lita 600 za maji ya tufaha, na akiziweka chupani na kuziuza kwa mkono wake, faida inabaki nyumbani. Sheria inamsaidia: calvados, yaani pombe kali inayokenekwa kutoka kwenye saida, ya Pays d'Auge, sehemu ya Normandie, ililindwa jina lake mwaka 1942, saida ya eneo hilo mwaka 1996, na kileo cha mapea cha Domfront, huko huko Normandie, mwaka 2002. Jina lililolindwa, hata hivyo, halina thamani kwa mnunuzi asiyelijua, na sherehe ndiyo humpa nafasi ya kuonja tofauti kabla ya kulipa zaidi.

Sherehe hizi ni za kileo pia, na suala la ulevi huko ni la zamani. Pierre Mendès France, waziri mkuu kuanzia mwaka 1954 hadi 1955, alipambana na ulevi na kugawa maziwa shuleni, ilhali yeye mwenyewe alikuwa mbunge wa Eure, huko huko Normandie. Mwaka 1960 haki ya wakulima ya kukeneka kiasi fulani bila kodi ilikoma kurithiwa. Kwa wasomaji wetu wasiokunywa, itoshe kusema kwamba maji mabichi ya tufaha, ya rangi ya udongo na yanayowavuta nyigu, huuzwa palepale yanapokamuliwa, na machicha huweza kwenda kwa ng'ombe.

Tatizo ninaloliona mimi ni la muda. Fedha za sherehe hulipia chupa ya mwaka jana, lakini mti mrefu huchukua miaka kumi au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, wakati ule mfupi huzaa baada ya michache tu. Mkulima aliyepata wikendi nzuri hana sababu ya kibiashara ya kupanda mti mrefu, na akiongeza uzalishaji ataongeza miti mifupi. Penye kanuni hali hubadilika: kileo cha Domfront hutakiwa kutokana na mapea ya miti mirefu, kwa hiyo kila chupa inayouzwa inaulinda mti wenyewe. Saida ya kawaida haina sharti hilo, na hapo lawama za wapinzani zina uzito ambao farasi na gurudumu lake hawawezi kuuondoa.

Kalenda nayo haisaidii. Miche isiyo na udongo kwenye mizizi hung'olewa kitaluni majani yakishapukutika, kuanzia mwishoni mwa Novemba, wakati sherehe nyingi zimekwisha. Kinachowezekana Oktoba ni kuandikisha oda, mnunuzi akachagua aina aliyoionja mezani na kuufuata mche wake baadaye. Kama ningeulizwa na waandaaji, daftari hilo la oda ningeliweka mlangoni, mbele ya meza ya saida, na sehemu ya ada ya maegesho ingepunguza bei ya mche mrefu.