Bata washibe kwao jamani

Mi naishi Berlin, na wikendi za joto tunapanda treni kwenda Zehdenick, mji mdogo kaskazini mwa Berlin, kuogelea kwenye mashimo ya udongo. Ndio, mashimo ya matofali. Mwaka 1887 walikuwa wanajenga reli wakakuta udongo wa mfinyanzi wa kutosha, wakachimba wee, wakachoma matofali wakayapeleka Berlin kwa maboti, siku hizi viwanda vimekufa na mashimo zaidi ya 50 yamejaa maji, miti pembeni, pazuri kweli.

Sasa watu wanakuja na mifuko ya mkate wa jana wanawamwagia bata pale pale tunapoingilia majini. Mi nikisema naonekana mnoko. Ila shimo sio mto, uchafu hauna pa kwenda, ule mkate na mavi ya bata vinageuka mbolea humo humo, joto likipanda mwezi wa nane unakuta maji ya kijani utadhani kuna mtu kamwaga ndoo ya rangi, na ule ukijani unaweza kuwa na sumu, mbwa akinywa anaweza kufa.

Halafu kuna muwasho. Nimekulia Morogoro, Tanzania, tulikuwa tunarukia madimbwi ya wafyatua matofali na kukojoa humo humo, kichocho kikatukamata wengi. Nikajua Ulaya nimekikimbia. Kumbe bata nao wana kichocho chao! Mayai yanatoka na mavi, vijidudu vinaingia kwa konokono, vikitoka vinatafuta bata vinakukuta wewe umesimama kwenye maji ya magotini, vinatoboa ngozi alafu vinafia hapo hapo. Huugui sana, ila utajikuna siku kadhaa mpaka uchoke. Kwahiyo ukiwaita bata ufukweni umeita na hivyo vijidudu.

Wavuvi nao wasijifiche, wanarusha mahindi kilo kwa kilo, samaki wanaoitwa kapi wanakuja wanafukua chini, na mfinyanzi ukitibuka hautulii leo wala kesho.

Eti kuna wanaotaka manispaa ije imwage dawa. Dawa kwenye ziwa lenye samaki? Matete ndo yanayofyonza ile mbolea, na ndo hayo hayo watu wanayakata wapate pa kutandika taulo, sijui wanawaza nini.

Mwanangu alilia siku ya kwanza nilipomnyima mkate. Siku hizi anawapungia bata mkono tu, wao wanamuangalia, wakiona hana kitu wanaondoka zao.