Jogoo mwekundu, tetea wa michirizi

Sokoni, iwe Mwanjelwa au Mafinga, mnunuzi humtazama jogoo kabla ya kumpima uzito mkononi. Huyu anataka mwekundu. Yule anataka mweusi ti, na mwingine mweupe pe asiye na hata unyoya mmoja wa kuchafua. Hao wawili wa mwisho huwa hawaelezi kuku anakwenda kufanyiwa nini, nasi hatuulizi. Kwa hiyo mfugaji anayechagua mbegu kwa rangi asichekwe. Anafuata hela ilipo.

Mabwana mifugo humshauri vingine: angalia uzito, mayai, uatamiaji na ukakamavu, rangi achana nayo. Wana hoja. Jogoo anayependwa kwa wekundu wake akiachwa apande mabinti zake, kisha wajukuu zake, haupiti muda mayai viza yanaongezeka na vifaranga wanadumaa. Rangi imebaki, kuku wamekwisha. Na ugonjwa wa mdondo ukiingia bandani, mwekundu na mweupe wote ni wake.

Hata hivyo sikubali kwamba rangi ni urembo mtupu. Chukua tetea wa michirizi, yule ambaye kila unyoya wake una mistari ya weusi na weupe, umpe jogoo mweusi asiye na mchanganyiko, mfano hao Black Australorp tunaowaita kuku wa Malawi. Vifaranga madume watatoka na doa jeupe utosini, majike watatoka bila doa. Siku ya kwanza tu unajua nani umlee kwa mayai na nani kwa nyama. Ni kwa sababu kinasaba cha michirizi, yaani chembe ya urithi wake, kimekaa kwenye kromosomu ya jinsia, ile inayoamua dume au jike, na tetea huwarithisha wanawe wa kiume peke yao. Ukigeuza ukaweka jogoo wa michirizi halisi juu ya tetea weusi, watoto wote watakuwa na michirizi na faida hiyo imekwenda. Tena kuku wa madoadoa siye huyu. Madoa ni urithi mwingine kabisa.

Wanaojaribu hukwama mahali padogo. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili au zaidi. Mtu anabadilisha jogoo leo, kesho kutwa anakusanya mayai ya kutotolesha, halafu vifaranga wanafanana na jogoo wa zamani, au wa jirani aliyewahi kuwapanda. Subiri wiki tatu. Hata baada ya hapo, wazazi wawili wenye rangi wanaweza kuzaa kifaranga mweupe, maana weupe wa aina moja hujificha kwa wazazi wote wawili usionekane. Ugomvi wa uani umeanza kwa kisa kama hicho, na jogoo wa watu hana kosa.

Ninachokihofia zaidi ni sifa inayosifiwa kwingine ikaletwa huku bila kupimwa. Kishingo, kuku wa shingo tupu, ndiye mfano mzuri. Aliyerithi kinasaba cha shingo tupu kutoka kwa baba na mama hupungukiwa takriban asilimia 40 ya manyoya, kwa hiyo hupoza mwili upesi. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, hiyo ni neema: joto halimkatishi hamu ya kula. Panda sasa milima ya Uporoto, au fika Makete mwezi Juni umande ukiwa umeganda juu ya majani. Kuku yuleyule anatumia pumba zako kujipasha joto badala ya kunenepa. Kyela na Uporoto zote ni Mkoa wa Mbeya, lakini kuku anayefaa huku hafai kule.

Ningekuwa mimi, kwanza ningebakiza tetea anayeatamia akaangua na kulea, kisha ningetafuta jogoo wa kijiji kingine, na rangi ningeichagua miongoni mwa waliobaki. Kyela kishingo ningemwachia banda. Makete ningemuuza kabla ya Juni, hata awe mwekundu namna gani.