Shakwe Aliyejua Saa ya Kufuturu

Nimekulia Tandika, na nalisema hilo mapema ili ieleweke kwamba kwa ndege wezi mimi si mgeni. Kunguru wa Dar, wale wenye shingo ya kijivu ambao mababu zao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti wale taka, wameshaniibia vitumbua, maandazi, na mara moja sabuni ya kufulia ambayo mpaka leo sijui waliifanyia nini. Tangu mdogo najua namna ya kuvuka uwanja na sahani: kiganja kimoja juu ya chakula, jicho moja angani. Kwa hiyo nilipofika Aberdeen kusoma shahada ya uzamili na wenyeji wakanionya nijihadhari na shakwe, nilicheka. Ndege mweupe, msafi, kama wa kwenye kalenda. Huyo ndiye wa kunitisha mimi?

Mambo mengine ya Uskoti yalikuwa yameshanitia adabu. Nilikalia upupu wao kando ya mto Don nikijipiga picha. Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akanionyesha jani pana la kujisugulia, kisha kwa heshima zake akageuka kutazama mto. Kulikuwa na ukungu wa baharini, wenyewe wanauita haar, unaopanda kutoka Bahari ya Kaskazini mchana kweupe na kumeza mtaa mpaka basi unalisikia kabla hujaliona. Desemba jua lilinizamia saa tisa na nusu alasiri, nikaswali magharibi nikiwa bado sijala cha mchana. Yote hayo niliyavumilia.

Kisha ikaja Ramadhani ya 2016, iliyoanza Juni 6.

Kwetu mwezi huo jua linazama kwenye saa kumi na mbili na robo jioni. Aberdeen lilizama saa nne na dakika kadhaa. Saa nne za usiku! Saa ambayo Tandika mtu ameshafuturu, ameswali tarawehe, na sasa yuko kibarazani na kahawa na kashata anabishana kuhusu Simba na Yanga. Mimi saa hiyo nilikuwa natazama jua limekaa juu ya mapaa, halina hata dalili ya kwenda nyumbani. Na likizama, halizami kweli. Upande wa kaskazini mwanga unabaki, nawe unakula huku ukijiuliza kama usiku umeshapita au bado haujafika.

Nilikuwa napanga ghorofa ya juu kabisa ya jengo la kale la mawe ya graniti, pamoja na Mnigeria mmoja, mtu wa Kano, mfungaji mwenzangu. Tulipokezana mapishi. Zamu yake alipika kosai, ambazo ukizionja unajua ni bajia za kunde zilizopita Afrika Magharibi. Zamu yangu mara nyingi nilipika tambi, mpaka siku moja katika kumi la pili akaniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, kwenu hakuna chakula kingine?"

Nikasema kesho utakula sambusa.

Nilianza baada ya adhuhuri. Manda nilizisukuma mwenyewe kwa chupa tupu ya juisi, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, mama yuko hewani kutoka Dar.

"Mama, zinapasuka."

"Umeharakisha. Unga haukimbizwi, mwanangu. Ufunike na kitambaa chenye unyevu."

"Kitambaa gani?"

"Kwani huko hamna vitambaa?"

Zikatoka sambusa kumi na tisa. Tatu zilikuwa na umbo la ramani ya nchi nisiyoijua, lakini zilizobaki zilikuwa pembetatu halali kabisa. Kasoro ilikuja kwenye kukaanga: king'ora cha moshi cha nyumba ile kilikuwa na wivu, hakikuruhusu mafuta yachemke. Mwenzangu akakipepea kwa taulo, mimi nikasukuma dirisha la sebuleni juu mpaka mwisho. Sinia la sambusa nikaliweka mezani, palepale chini ya dirisha, zipoe. Upande wa pili wa meza kulikuwa na rasimu ya tasnifu yangu, sura ya pili, ambayo msimamizi wangu alikuwa ameirudisha na maneno matatu ya wino mwekundu pembeni, yenye maana kwamba haina uzito.

Saa nne na dakika nane, simu ikaadhini.

Sasa naomba nikiri. Sunna ni kuanza na tende, na tende zilikuwepo. Lakini nimefunga zaidi ya saa kumi na nane, nimesukuma manda kwa chupa, harufu ya nyama, hiliki na pilipili manga iko puani tangu alasiri. Nikaipita tende. Nikachukua sambusa, nikainyanyua, nikafumba macho niombe dua.

Nilifika neno la tatu.

Kwanza ulikuja upepo usoni, kama mtu amekunjua mwamvuli mbele yangu. Halafu kitu kigumu kikanigonga ukucha wa kidole gumba. Nilipofumbua macho mkono ulikuwa bado uko hewani, vidole vimeshika umbo la sambusa, na sambusa haipo. Juu ya meza amesimama shakwe.

Wale mnaowaona kwenye picha, hampewi kipimo. Huyu akitandaza mbawa anakaribia mita moja na nusu. Ana miguu ya rangi ya waridi kama ya mtoto mchanga, jicho la njano lisilo na utu hata kidogo, na mdomo wa manjano wenye doa jekundu kwa chini. Nikadhani ni damu yangu. Siyo, ndivyo walivyoumbwa, vifaranga huligonga doa hilo wakiomba chakula. Mwanasayansi Niko Tinbergen alilichunguza miaka mingi kabla ya kupata Nobel ya mwaka 1973 kwa kazi yake ya tabia za wanyama. Yeye kapata Nobel. Mimi nilichopata nitakisema sasa hivi.

Sambusa ilikuwa ya moto. Shakwe akaibana, nyama ikamchoma, akaitema, akapiga yowe la mtu aliyekanyaga msumari, na badala ya kutoka alikoingilia, akarukia ndani. Mtu wa Kano, mwanamume wa futi sita na ushee, nilimwona mara ya mwisho akiwa sakafuni. Mara ya pili alikuwa juu ya kochi na mto kifuani, anasoma Ayatul Kursi. Shakwe akagonga taa. Akagonga pazia. Jagi la juisi ya ukwaju likaenda. Mimi nikashika mwiko, nikaita "Shaa! Shaa!" kwa sauti ya Tandika, sauti ambayo kunguru yeyote wa kwetu akiisikia anakumbuka ana shughuli kwingine. Huyu akanitazama. Akapanda juu ya tasnifu, akageuka kwa utulivu, akainua mkia, na sura ya pili ikapata uzito.

Mlango ukagongwa. Alikuwa bibi wa chini, ana gauni la kulalia na viatu vya manyoya.

"Fit like?" akasema, ambayo ndiyo "hujambo" ya watu wa Aberdeen, na ambayo kwa miezi mitatu ya kwanza nilidhani ananiuliza saizi ya suruali. Akachungulia begani kwangu: mtu juu ya kochi, mwiko mkononi, ndege mezani. Hakushangaa. Akaingia, akaninyang'anya mwiko, akatuamuru tunyamaze wote wawili, akazima taa.

Chumba kikawa giza, dirisha likabaki jeupe na ule mwanga wao usioisha. Shakwe akatulia. Akatembea juu ya meza, tap, tap, tap, kama karani anayetoka kazini. Alipofika kwenye sinia akasimama, akachagua (naapa alichagua, aliziruka zile tatu za ramani), akabeba moja iliyopoa, akaenda zake.

Bibi akawasha taa. Akatueleza kwamba juu ya paa letu, nyuma ya bomba la moshi, kuna vifaranga, na mzazi mwenye vifaranga hana mipaka. Akanikumbusha nisije nikapanda huko na mwiko wangu, maana wanalindwa na sheria ya mwaka 1981, na hata kiota hakiguswi bila kibali. Kisha akanusa, akauliza hizi ni nini. Nikamkaribisha. Alikula mbili akiwa amesimama na akaondoka na tatu kwenye karatasi, akisema ni za kesho. Kwa hiyo hesabu ya siku ile: shakwe mbili, ukihesabu ile ya sakafuni, bibi tano, sisi tuliofunga tukagawana zilizobaki, za ramani zikiwamo. Nilifuturu kwa tende, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo.

Mama nilimpigia kesho yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, halafu akauliza, "Lakini zilikolea chumvi?"

Mwaka 2019, nikiwa nimesharudi Dar, nilisoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter waliweka chakula mbele ya shakwe, wakaona ukimkodolea macho anachelewa kukisogelea, kwa wastani wa sekunde 21. Sekunde 21 zinatosha kumaliza sambusa. Mimi nilikuwa nimefumba macho naomba dua.

Lakini kilichonishinda kabisa ni siku zilizofuata. Tulifunga dirisha, tukala kosai na tambi kwa adabu. Siku ya tatu simu ikaadhini, na kabla muadhini hajamaliza, shakwe akatua nje kwenye kizingiti. Tukasema ni bahati mbaya tu. Siku ya nne, vilevile. Siku ya tano ukungu ulikuwa umefunga mji, huoni jengo la ng'ambo ya barabara, mimi mwenyewe bila simu nisingejua kama jua limezama. Allahu Akbar ya kwanza tu, huyo hapo, mabawa yanadondosha maji, anatutazama kwa lile jicho. Mtu wa Kano akaacha kuangalia ratiba ya msikiti. Akawa anaangalia dirisha.

Idi ikawa Julai 6. Tuliswali, tukala mchana kweupe kama watu, tukalala fofofo kwa shibe na uchovu wa mwezi mzima. Saa nne usiku simu ikaadhini magharibi, nikaipapasa chini ya mto nisiione.

Ngo, ngo, ngo, kwenye kioo.

Mwenzangu hakufumbua hata macho. "Mwambie," akasema, "mwezi umeandama."