Reli iling'olewa Kibera, petroli ikaadimika Kampala

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema vurugu za kisiasa huwaumiza zaidi wawekezaji wa nje. Hapo sikubaliani naye. Tukumbuke ghasia za Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mwekezaji wa nje alikuwa na pa kukimbilia. Mwenye duka Kisumu alichomewa mali yote, na bima hana. Vijana waling'oa reli ya kwenda Uganda pale Kibera, Nairobi, malori ya kutoka Mombasa yakakwama kwenye vizuizi, na muda si muda Uganda na Rwanda, ambazo hazikupiga kura yoyote katika ugomvi ule, zikaanza kukosa petroli. Huko Pwani hoteli zilibaki tupu katikati ya msimu wa watalii, wahudumu wakarudishwa makwao (hao ni nadra kutajwa kwenye ripoti). Ukuaji wa uchumi ulishuka kutoka takriban asilimia 7 mwaka 2007 hadi chini ya asilimia 2 mwaka 2008. Ni kweli bei ya mafuta duniani nayo ilichangia. Lakini mkulima wa Bonde la Ufa aliyekuwa bado kwenye kambi ya waliofurushwa makwao mwezi Machi, wakati wa kupanda mahindi, Rais Kibaki na mpinzani wake Raila wakiwa wameshatia saini mkataba wao wa kugawana madaraka, angevuna nini? Makala yake ingeanza na huyo.